Mchango na daftari lake

Kamati ya harusi ikivunjika kwa ugomvi, mara chache chanzo ni uchache wa pesa. Ziko familia Dar es Salaam zilizofanya sherehe nzuri kwa milioni 8, na ziko zilizokusanya 30 zikaamka Jumatatu zinadaiwa na mwenye ukumbi. Kinachotofautisha ni daftari: nani analiandika, nani anaruhusiwa kulisoma, na lilifunguliwa kwa ajili ya nini. Ukilishika kwa muda mrefu unaanza kuziona na siasa zetu kupitia kurasa zake, kwa sababu mambo yanayoiua kamati ya watu 15 ndiyo yanayoua mfuko wa maafa wa mkoa mzima.

Mwenyekiti huchaguliwa kwa heshima yake na hilo halina ubaya. Kazi yake ni kuendesha kikao na kuwapigia simu wazee. Mweka hazina ndiye wa kuchaguliwa kwa uangalifu. Asiwe kaka wala dada wa mwenye harusi. Bwana harusi akipiga simu saa 4 usiku kwamba fundi wa suti anadai 350,000 na pesa itarudi Jumatano, kaka mtu hatakuwa na ubavu wa kukataa, na hiyo Jumatano haitafika. Jirani, mfanyakazi mwenza au rafiki wa familia anaweza kukataa bila kuharibu undugu. Katibu aandike mapato, mweka hazina ashike pesa, na mtu wa tatu alinganishe hivyo viwili kila Jumapili kabla kikao hakijafunguliwa. Kamati nyingi hazina huyu wa tatu. Matokeo yake, mtu mmoja anapokea, anaandika na anatoa taarifa, na siku pesa ikipungua hana pa kujitetea hata kama hajagusa shilingi.

Namba ya kupokelea iwe laini mpya iliyosajiliwa kwa jina la mweka hazina, isiyotumika kwa jambo lingine lolote. Sababu ya kwanza inajulikana, pesa ya harusi ikichanganyika na ada ya watoto hakuna atakayeitenganisha. Ya pili husahaulika: laini yenye deni la huduma za kukopa kwenye simu, kama Songesha, hukatwa deni hilo mara tu pesa inapoingia. Mtu katuma 100,000, daftari linasema 100,000, salio linasema 62,000, na mweka hazina anaona aibu kueleza zilikokwenda 38,000. Jina linalotokea wakati wa kutuma liandikwe kwenye tangazo la kwanza kabisa, maana matapeli wamezoea kuingia kwenye makundi ya WhatsApp ya harusi na kutangaza kwamba namba imebadilika.

Halafu kuna ya kutolea. Aliyeahidi 100,000 akatuma 100,000 kavu ametimiza ahadi yake, lakini kamati ikienda kwa wakala inapata pungufu. Kwa mtu mmoja ni kidogo. Kwa watu 200 ni keki nzima. Ama tangazo liseme wazi "pamoja na ya kutolea", ama kamati iwalipe watoa huduma kwa lipa namba moja kwa moja na kupunguza safari za kwa wakala. Julai 2021 serikali ilipoanzisha tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, kamati zilizokwisha kupitisha bajeti zilibaki na mashimo ambayo hakuna aliyeyapanga. Septemba mwaka uleule tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30, kisha ikaendelea kupunguzwa. Waliotetea tozo ile walisema ni ya kujenga barabara, shule na vituo vya afya, na kweli ilielekezwa huko. Mimi naona waliopanga hawakujiuliza ni miamala ya aina gani inapita kwenye simu za Watanzania. Sehemu kubwa ya pesa hiyo ni matibabu, misiba, ada na harusi, yaani watu tayari wanajitoza wenyewe.

Picha ya ujumbe wa muamala isihesabiwe kuwa malipo. Ujumbe unatungwa, unahaririwa, na wakati mwingine ni wa kweli lakini muamala umerudishwa. Mlinganishaji asome taarifa ya miamala ya laini yenyewe, mstari kwa mstari, akiweka alama kwenye daftari.

Sasa bajeti. Ahadi za milioni 20 zichukuliwe kama 13 au 14. Zikizidi, ongezeni nyama. Tuchukue hesabu ya mfano, wageni 250 kwenye ukumbi wa kawaida. Chakula cha 25,000 kwa sahani ni 6,250,000. Vinywaji vya 10,000 kwa kichwa ni 2,500,000. Ukumbi 3,000,000, mapambo 2,500,000, mshereheshaji na muziki 1,800,000, picha na video 1,500,000, usafiri 800,000, keki 500,000. Jumla 18,850,000, na ukiweka dharura ya 950,000 unafika 19,800,000. Mgeni mwenye kadi ya 100,000 anakula na kunywa 35,000. Iliyobaki, 65,000, inalipia ukumbi, mapambo na mgeni asiyelipa. Katika hao 250 wapo kama 50 wasiolipa: wakwe, wazee, mchungaji au sheikh, wanakwaya, watoto waliokuja na mama zao. Wachangiaji 200 wanaleta 20,000,000, na ziada ni laki mbili tu. Watu 30 wasipotimiza ahadi, pengo ni milioni 3, ambayo ndiyo ukumbi.

Ndiyo maana wenye uzoefu hawasubiri wiki ya mwisho kupunguza. Siku 14 kabla, kamati inatazama pesa iliyoingia na kuamua idadi ya wageni upya. Mapambo yakatwe kwanza. Hakuna aliyewahi kwenda nyumbani akilalamika kwamba maua yalikuwa machache, lakini chakula kikiishia meza ya 18 kati ya 25, stori hiyo itasimuliwa hadi mtoto wa kwanza wa maharusi aanze shule.

Makosa ya chakula yana mahali pake maalumu. Mshereheshaji, fundi mitambo, wapiga picha, madereva, wapambaji na walinzi nao watakula, na ni sahani 15 hadi 20. Zisipohesabiwa, zinatoka kwenye fungu la wageni. Ukumbi usainiwe ukiwa na saa ya kumaliza kwenye karatasi na gharama ya kila saa inayozidi. Uliza mapema kama jenereta imo kwenye bei, na kama mafuta yake yamo. Uliza pia kama ukumbi unatoza ukiingiza vinywaji vyako, kwa sababu tozo hiyo inaweza kumeza faida yote ya kununua soda kwa bei ya jumla. Kreti ya soda ina chupa 24 na msambazaji anazitaka zote pamoja na kreti lenyewe. Chupa huondoka chini ya viti vya magari. Mtu mmoja wa kamati ndogo ya vinywaji asinywe pombe usiku huo, ahesabu kreti zikiingia na zikitoka, na asaini na dereva wa msambazaji palepale ukumbini.

Kudai ahadi ni kazi ya lugha. Ujumbe mmoja unaobandikwa kwa wote, wenye herufi kubwa na alama za mshangao, huwafanya watu wafunge simu. Ujumbe unaofanya kazi una jina, kiasi, tarehe na mlango wa kutokea: "Shikamoo mjomba. Habari za huko Morogoro? Kwenye harusi ya kijana wetu ahadi yako ilikuwa 100,000, tumeshapokea 50,000, tunashukuru sana. Mpishi anataka idadi Ijumaa ya tarehe 12. Kama hali imebadilika mjomba tuambie tu, tutaishia hapo tulipofika na kadi yako ipo." Wengi waliokuwa wamejificha huwa wanatuma kitu siku hiyohiyo, hata 20,000, kwa sababu wamepewa ruhusa ya kupungukiwa bila kuvuliwa nguo.

Hapo ndipo ninapotofautiana na kamati nyingi za siku hizi. Kila jioni kundi linabandikiwa orodha: jina, ahadi, kalipa, baki. Watu 180 wanasoma kwamba mama fulani wa genge aliahidi 30,000 na hajatoa hata mia. Wanasema huo ni uwazi. Ukiitazama vizuri orodha hiyo inaonyesha mfuko wa mtoaji, wakati jambo linalotakiwa kuonekana ni pesa inapokwenda baada ya kutoka mfukoni mwake. Kwenye kundi yatosha majina ya waliotoa bila kiasi, jumla iliyoingia, jumla iliyotumika na ilitumika kwa nani, na kilichobaki. Kiasi cha kila mtu kibaki kwa katibu, na mchangiaji yeyote akitaka kuona mstari wake auone. Stakabadhi za mpishi, ukumbi na mapambo ndizo za kubandikwa kila jioni. Kamati inayobandika madeni ya watu bila kubandika stakabadhi hata moja inaficha kitu, au inajiandaa kuficha.

Kuna jambo limebadilika na halijadiliwi vya kutosha. Zamani jirani asiye na pesa alikuwa na cha kuleta harusini. Wanawake walikesha wakimenya vitunguu na kuchambua mchele, vijana walipasua kuni na kuchota maji, wanaume walichinja na kufunga maturubai. Siku ya sherehe walikaa wakala bila kuinamisha uso, maana mikono yao ilikuwa ndani ya sufuria ile. Tulipokabidhi upishi kwa watu wa kukodi na sherehe kwa ukumbi wenye geti, nguvu ya jirani ilikosa thamani na kadi ikawa ndiyo mlango. "Mchango wako ndio kadi yako" inasemwa kwa mzaha, lakini dada anayemfulia bi harusi nguo kwa miaka 6 anaisikia ilivyo. Kamati yenye utu hutenga kadi 10 au 15 za watu wa namna hii na kuziingiza kwenye bajeti kama gharama halali, pembeni ya keki. Wengine hutenganisha: ukumbini wa kadi, nyumbani asubuhi pilau ya mtaa mzima. Hiyo ya pili watu wa Pwani wanaijua vizuri na haina gharama ya kutisha. Kilo 50 za mchele zinalisha watu 400 wa mtaa wakila kwenye sinia.

Na sare je? Kitchen party yenye kitenge cha lazima ni mchango wa pili usioandikwa kwenye daftari. Kitambaa, fundi, zawadi, nauli. Mwanamke wa kima cha chini anaweza kumaliza robo ya mshahara kabla hajafika kwenye send-off. Waandaaji waseme rangi, waache kila mtu atafute nguo yake.

Msibani mambo ni tofauti na makosa yake ni mazito zaidi. Hakuna ahadi, hakuna kadi, hakuna kiwango, na ndiyo maana maskini hujisikia nyumbani zaidi msibani kuliko harusini. Meza ya rambirambi ikae mahali pa wazi, watu wawili, mmoja wa upande wa marehemu na mmoja wa upande wa mwenza wake. Mmoja anapokea na kutamka kiasi kwa sauti ya chini, mwingine anaandika jina, mahali alipotoka na kiasi. Usiku kabla ya kulala wanahesabu, wanapiga jumla, wanasaini ukurasa, na kesho yake ukurasa mpya. Pesa isilale na daftari chumba kimoja.

Kosa kubwa ni kuchanganya mafungu mawili. Gharama za mazishi zina vyanzo vyake: ukoo, ofisi ya marehemu, chama cha kufa na kuzikana, kanisa au msikiti. Humo ndimo linapotoka jeneza au sanda, gari, viti, maturubai, na chakula cha waombolezaji. Rambirambi ni ya wafiwa, na kama marehemu ameacha mjane na watoto, wao ndio wafiwa wa kwanza. Yanayotokea ni kwamba watu wanakaa siku 5, wanakula mara mbili kwa siku, ng'ombe wa pili ananunuliwa "kwa heshima ya mzee", na siku ya kuanua matanga mjane anakabidhiwa bahasha ya 140,000 kutoka kwenye daftari lililosoma 3,800,000. Kilichobaki kimelishwa watu ambao wengi wao wangekula nyumbani kwao. Shemeji zake wanamwambia ndivyo msiba ulivyo.

Dawa yake inatakiwa kunywewa siku ya kwanza, kabla jiko halijawashwa. Kikao cha ukoo kiseme chakula kinatoka fungu gani na kina kikomo gani, na kwamba rambirambi haiguswi. Makabidhiano yafanyike mbele ya wazee wa pande zote mbili kabla wageni wa mbali hawajapanda mabasi. Mjane apewe na daftari lenyewe, kwa sababu ndiye atakayerudisha. Waliomzika mumewe nao watafiwa, na atatakiwa kujua nani alifika na nini. Ninajua ziko koo ambako kumkabidhi mjane daftari kunaonekana kumpa madaraka. Ndiyo, ni madaraka. Mume ni wake aliyekufa.

Vyama vya kufa na kuzikana vinasaidia sana hapa, vikiwa na katiba inayoeleweka. Kiingilio na ada si tatizo. Vinagombana kwenye orodha ya wanaofidiwa. Mwanachama, mwenza, watoto na wazazi, hapo wote wanakubaliana. Kisha anafariki mama mdogo aliyemlea mwanachama tangu ana miaka 3, na katiba inasema "mzazi". Au mwanachama ana wake wawili. Au mtoto ana miaka 27 na anakaa nyumbani. Kila mwanachama ajaze fomu ya majina siku anapojiunga, wazazi wawili tu, mzaa au mlezi, achague mwenyewe, na asibadilishe isipokuwa mara moja kwa mwaka. Bila fomu hiyo, chama kitalipa kwa kutazama uso wa mtu.

Pima sasa mambo ya taifa kwa kipimo hichohicho. Septemba 10, 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Kagera, likaua watu zaidi ya 15 na kuacha maelfu bila nyumba. Serikali ilitangaza akaunti ya Kamati Maafa Kagera, na watu walichanga kweli, kuanzia wafanyabiashara na balozi hadi wanafunzi. Kabla mwezi haujaisha Rais Magufuli alitengua uteuzi wa watendaji wawili wakubwa wa mkoa na manispaa kwa tuhuma kwamba ilifunguliwa akaunti nyingine yenye jina kama lile. Hatua ilichukuliwa haraka, na hilo liliwapa watu imani. Lakini jeraha lililobaki lilikuwa jingine. Januari 2017 Rais akiwa Kagera alieleza kwamba serikali haitawajengea watu nyumba zao, na kwamba pesa zinakwenda kwenye shule, hospitali na miundombinu ya umma. Hoja hiyo ina mantiki. Nyumba za kujenga zilikuwa nyingi, na shule moja inahudumia kijiji kizima. Tatizo ni kwamba ilitakiwa kutangulia namba ya akaunti. Mtu aliyetuma 10,000 akiwa ameona televisheni picha ya bibi aliyekaa nje ya ukuta ulioanguka, alituma kwa ajili ya ule ukuta. Lengo likibadilika baada ya pesa kuingia, hata kwa nia njema, mchangiaji wa tetemeko lijalo atatafuta mtu wake binafsi Bukoba amtumie moja kwa moja, na mfuko wa umma utabaki na wanaochanga kwa sababu ya kamera.

Kwa hiyo sentensi ya kwanza ya daftari lolote, la harusi au la maafa, iwe lengo lililoandikwa kwa kitu kinachohesabika, pamoja na hiki: ikizidi itakwenda wapi, na isipotosha nini kitaachwa.

Wanasiasa wameugeuza utaratibu huu juu chini. Jina la mtoaji wanalipaza, matumizi wanayaacha gizani. Anaalikwa mheshimiwa kuwa mgeni rasmi, anapewa kipaza sauti, anaahidi milioni 2 na mifuko 50 ya saruji, vigelegele vinapigwa, mshereheshaji anarudia mara tatu. Wiki mbili baadaye katibu wa kamati yuko kwenye benchi la ofisi yake. Anayejua kazi haingizi ahadi ya mgeni rasmi kwenye bajeti hata kwa penseli. Anamfuata msaidizi wake wiki moja kabla, anamwambia kwa adabu kwamba utaratibu wa kamati ni kupokea kwanza, kisha kutangaza. Na siku ikifika, jina lake lisomwe pamoja na majina mengine kwa mpangilio wa alfabeti, mheshimiwa kati ya Mwanaidi na Mzee Mrisho, bila kiasi. Wengine watakasirika. Watakaokasirika walikuja kununua kitu.

Na sisi tunauza. Tunamtumia mbunge kadi za michango 40 kwa mwezi, tunamtaka alete jeneza, jezi na turubai, kisha tunashangaa kwa nini uchaguzi unashindwa na mwenye pesa. Mfuko wa jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009, ni wa kuchochea miradi ya maendeleo, haumo humo mchango wa harusi ya mpwa wako. Kwa hiyo anatoa mshahara wake, au anatoa pesa ya mtu atakayekuja kudai baada ya uchaguzi. Mwaka 2000 Bunge la Tanzania liliruhusu kisheria takrima, wagombea kuwakirimu wapiga kura "kwa desturi". Aprili 2006 Mahakama Kuu ikabatilisha vifungu hivyo katika kesi iliyofunguliwa na mashirika ya kiraia, likiwemo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Ukarimu wa kampeni haukufa, ulihamia misibani, makanisani na misikitini, mahali ambapo kumkatalia mtu pesa kunaonekana ni kukosa adabu.

Majirani zetu Kenya wamepita njia hiyohiyo kwa mwendo mkali zaidi. Harambee, wito wa Jomo Kenyatta uliokaa hadi kwenye nembo ya taifa, ilijenga sekondari nyingi vijijini kwa kuku na shilingi za wakulima. Baadaye ikawa jukwaa la kupimana vifua. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 ilijaribu kuifunga breki. Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana dhidi ya Muswada wa Fedha, Rais Ruto alitangaza kuwazuia maafisa wa serikali kushiriki harambee. Novemba mwaka huohuo Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alirudisha mchango ambao Rais mwenyewe alikuwa ameutoa kanisani Soweto, Nairobi. Hilo la pili lina uzito kwangu kuliko lile tangazo. Katazo la mtoaji linategemea mtoaji. Mpokeaji akirudisha pesa ikiwa imeshahesabiwa, hakuna mwanya wa kupitia.

Kurudisha kuna namna yake, na kamati ndogo inaweza kuiga. Rudisha kwa njia ileile iliyoingia, ndani ya siku 3, kwa barua ya mistari minne: tumepokea kiasi hiki tarehe hii, utaratibu wetu hauruhusu michango ya wagombea kipindi hiki, tunairudisha yote, tunakukaribisha kama mgeni. Usiibandike mtandaoni. Ukiibandika, nawe umeshaingia kwenye siasa.

Kuhusu michango ya shule niseme kwa ufupi. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, na Rais Magufuli alipopiga marufuku michango shuleni Januari 2018, wazazi walishangilia kwa sababu neno hiari lilikuwa limekwisha chakaa. Mtoto alirudishwa nyumbani kwa sababu ya "mchango wa hiari" wa dawati. Lakini chakula cha mchana hakipikwi na waraka, na shule nyingi leo wazazi wanapima tena mahindi na maharage. Inafanya kazi pale ambapo kamati ya wazazi, na siyo mwalimu mkuu, inashika stoo na ufunguo, inabandika ubaoni kilo zilizoingia na zilizopikwa kila wiki, na mtoto ambaye kwao hawajatoa anakula sahani ileile. Akinyimwa uji yeye, hiyo ni ada, tuiite ada na tuibishanie kama ada.

Tumalizie na kuvunja kamati, kikao ambacho watu hukitamani kuliko harusi yenyewe. Kamati imemaliza kazi, kuna bakaa ya 870,000, na mtu anatoa hoja kwamba wajumbe wamechoka, wastahili mbuzi na vinywaji. Wanakunywa pesa iliyochangwa na mama wa genge ili binti wa jirani aolewe. Kama kamati inataka sherehe yake, na haki hiyo wanayo, fungu la kuvunja kamati liandikwe kwenye bajeti kikao cha kwanza, liwe na kiasi, na wachangiaji walione. Bakaa nyingine yote ni ya maharusi. Taarifa ya mwisho itolewe ndani ya siku 7: jumla ya mapato, kila malipo na stakabadhi yake, madeni yaliyobaki, bakaa, sahihi tatu. Ibandikwe kundini, lipite siku 3 za maswali, kisha kundi lifungwe, maana kundi likiachwa wazi litageuka la harusi nyingine ambayo hukuombwa ruhusa kuingizwa. Laini ya simu ikabidhiwe kwa maharusi ikiwa na salio sifuri na mweka hazina aifutie usajili wa jina lake. Nakala moja ya daftari ibaki kwa katibu kwa mwaka mzima, kwa ajili ya yule shangazi wa Tanga atakayepiga simu mwezi wa nne akiuliza mbona jina lake halikusomwa.